Muhuri wa Mizani na Cheti cha Kawi: Kile Mwananchi Anapaswa Kuona Ukutani mwa Jengo la Umma

*Nakala ya mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti kwa wakazi na wafanyabiashara wa Kamakis, Ruiru*



Najua mtu wa kaunti akishika maikrofoni watu huanza kutafuta utepe uko wapi. Leo hakuna utepe. Sikuja kuzindua mradi wala kuahidi pesa. Nimekuja kuzungumza juu ya karatasi moja tu, isiyozidi ukubwa wa leseni ya biashara, ambayo ningependa muanze kuiulizia kila mnapoingia katika hospitali, ofisi ya wadi au soko la umma. Karatasi hiyo ni cheti cha matumizi ya kawi ya jengo.

Wacha nianze na jambo mnalolijua kuniliko, yaani nyama. Mteja anayeshuka kutoka Eastern Bypass au anayekata kona kutoka Thika Road kuja kula hapa Kamakis hana nafasi ya kubeba mizani yake. Anaagiza kilo moja na nusu na kuamini kwamba ni kilo moja na nusu. Anaamini kwa sababu mizani ina muhuri. Sheria ya Vipimo na Mizani, Sura ya 513, inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri kila mwaka. Akiinua macho ukutani anaona leseni ya biashara, na akitaka anaweza kuuliza vyeti vya afya vya wanaomhudumia.

Sisi wa kaunti ndio tunaokuja kuuliza karatasi hizo. Msipokuwa nazo, mnajua kinachofuata. Sasa tugeuze swali. Mwananchi anapoingia katika jengo la umma, ni karatasi gani ukutani inayomwonyesha kwamba stima inayolipwa kwa kodi yake inatumika sawasawa? Mara nyingi ataona picha ya Rais, kalenda, na mkataba wa huduma kwa wananchi. Kuhusu stima hataona kitu.

Cheti hiki ni kitu gani?

Aliyenunua friji mpya miaka ya karibuni ameona kibandiko chenye nyota. Kanuni za mwaka wa 2016 kuhusu matumizi ya kawi ya vifaa vya umeme ndizo zilizoleta nyota hizo nchini Kenya. Nyota ni kuanzia moja hadi tano, na kadiri zinavyoongezeka ndivyo friji inavyofanya kazi ileile kwa stima kidogo zaidi. Mnunuzi hahitaji kusomea uhandisi. Anahesabu nyota, anaangalia bei, anaamua.

Cheti cha kawi hufanya hivyo kwa jengo zima. Kinajumlisha stima yote iliyoingia kwa mwaka, pamoja na dizeli ya jenereta na gesi au kuni za jikoni kama zipo, kisha kinagawanya kwa ukubwa wa jengo. Jibu hulinganishwa na majengo mengine ya aina hiyohiyo.

Kwa nini tugawanye? Chukueni mfano huu wa kubuni. Jengo la kwanza lina ukubwa wa mita za mraba 1,200 na linatumia uniti 96,000 kwa mwaka. La pili lina mita za mraba 400 na linatumia uniti 48,000. Ukiangalia bili peke yake, utasema la kwanza ndilo lafuja. Ukigawanya, la kwanza linatumia uniti 80 kwa kila mita ya mraba na la pili linatumia 120. Jengo dogo lenye bili ndogo ndilo lenye shida. Bili peke yake ingetupeleka kukagua mlango usio wake.

Uingereza wamezoea jambo hili. Tangu mwaka wa 2008, majengo makubwa yanayotumiwa na mamlaka za umma na kutembelewa na wananchi yanatakiwa kuweka cheti mahali ambapo kila anayeingia atakiona. Kina herufi kuanzia A hadi G, na chini ya herufi kuna tarakimu. Jengo la kawaida la aina hiyo hupewa 100. Likipata 60 limefanya vizuri, likipata 160 limeanguka hadi G. Walianza na majengo yanayozidi mita za mraba 1,000, wakashuka hadi 500 mwaka wa 2013, kisha 250 mwaka wa 2015. Walianza na makubwa, wakajifunza, ndipo wakafikia madogo.

Sheria yetu imefika wapi?

Hapa Kenya tulianzia kwenye ukaguzi. Kanuni za Usimamizi wa Kawi za mwaka wa 2012 zinahusu majengo na viwanda vinavyotumia zaidi ya uniti 180,000 kwa mwaka, ambazo ni kama 15,000 kwa mwezi. Anayefikia kiwango hicho anatakiwa kuwa na sera ya kusimamia kawi, kufanya ukaguzi wa kawi angalau mara moja kila miaka mitatu, na kuwasilisha ripoti kwa mdhibiti. Kisha anatakiwa kutekeleza angalau nusu ya uokoaji ambao ukaguzi umependekeza. Ukaguzi wenyewe hufanywa na mtu au kampuni yenye leseni.

Mdhibiti huyo ni Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, ile EPRA ambayo kila tarehe 14 ya mwezi watu wa bodaboda na matatu husubiri itangaze bei ya mafuta. Wengi wanaijua kwa bei ya petroli pekee, lakini kazi yake inagusa pia taa iliyoachwa ikiwaka ofisini tangu Ijumaa hadi Jumatatu.

Mwaka wa 2019 ikaja Sheria ya Kawi, inayotaka kila serikali ya kaunti iandae mpango wake wa kawi. Nyuma yake kuna Katiba. Nyongeza ya Nne imeweka usambazaji wa umeme na gesi na udhibiti wa kawi katika majukumu ya kaunti. Hospitali za kaunti, zahanati, masoko, taa za barabarani, shule za chekechea na vyuo vya ufundi pia ni vya kaunti. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba habari za kawi ni za Nairobi.

Sasa tazameni pengo lililopo. Uniti 180,000 ni nyingi. Hospitali kubwa inaweza kuzifikia, lakini zahanati ya mtaa na ofisi ya wadi hazikaribii. Majengo madogo yanapita chini ya wavu wa sheria, na hayo ndiyo mengi, na ndiyo mnayoingia kila wiki. Hakuna kinacholazimisha zahanati ndogo ikaguliwe, na hakuna kinachoizuia pia. Kaunti yoyote inaweza kuamua kwamba kila jengo lake, liwe kubwa au dogo, litapimwa na matokeo yabandikwe mlangoni. Huo ni uamuzi wa bajeti na utashi, na ni jambo ambalo wananchi wana haki ya kulisemea.

Pesa iko wapi?

Tuchukue zahanati ya mfano yenye taa 40 za mirija ya zamani. Mrija mmoja wa wati 36, pamoja na kile kifaa cha kuuwasha, hula kama wati 44. Mrija wa LED unaotoa mwanga wa kutosha mahali hapohapo hula wati 18. Umeokoa wati 26 kwa kila taa, na kwa taa 40 ni wati 1,040. Zikiwaka saa 10 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, umeokoa uniti 3,120. Tuseme uniti moja, pamoja na tozo na kodi zake, inalipiwa shilingi 25. Hiyo ni shilingi 78,000 kwa mwaka kutoka kwa taa pekee, katika zahanati moja. Hatujagusa birika la maji moto, pampu wala friji iliyochakaa raba ya mlango.

Katika hospitali kubwa kuna jambo lingine ambalo wananchi wengi hawalijui. Wateja wakubwa wa stima hawalipii uniti pekee. Hulipia pia kilele cha mzigo wanaoutwika mtandao, na mitambo yao ikivuta umeme vibaya, kipimo kikashuka chini ya 0.9, hutozwa nyongeza. Mashine za kufulia, pampu na mota kuukuu husababisha hali hiyo. Dawa yake ni kufunga vifaa vya kusahihisha, ambavyo fundi wa viwanda vya Thika anavijua vizuri. Hospitali isiyokaguliwa inaweza kulipa nyongeza hiyo mwezi baada ya mwezi, na mhasibu akadhani ni bei ya stima tu imepanda.

Mtu ataniuliza, mbona tuhangaike na stima na hospitali inahitaji dawa? Swali hilo ni zuri, na jibu liko ndani yake. Tangu Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo vya Afya ya mwaka wa 2023, vituo vya afya vya umma vinaruhusiwa kubaki na mapato vinayokusanya na kuyatumia papo hapo. Shilingi ambayo hospitali haikulipia stima ni shilingi inayoweza kununua glavu. Dawa na stima zinakula kwenye sahani moja.

Na si pesa pekee. Chanjo nyingi za watoto hutunzwa kati ya nyuzi 2 na 8 za joto. Stima ikipotea na jenereta ikakataa, au friji ikawa mbovu bila mtu kujua, chanjo huharibika na mama hurudishwa nyumbani na mtoto wake mgongoni. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ilikaa gizani usiku kucha. Jengo linalotumia stima kidogo ni rahisi kulihudumia wakati kama huo. Jenereta ndogo inatosha, dizeli inadumu, na paneli chache za sola zinaweza kubeba friji na chumba cha kujifungulia.

Wengine watasema stima yetu ni safi, inatoka kwa mvuke wa Olkaria, mito ya Tana na upepo wa Turkana. Ni kweli kwa sehemu kubwa. Lakini jioni, watu wote wanapowasha kwa pamoja, mitambo ya mafuta huitwa kusaidia, na gharama ya mafuta hayo mnaiona kwenye bili ikiwa na mstari wake. Na jenereta nyuma ya hospitali haiendeshwi na upepo wa Turkana.

Onyo kuhusu kusoma cheti

Hapa nataka tuwe waangalifu. Zahanati yenye giza si zahanati bora. Wadi ya kina mama yenye balbu moja itakuwa na matumizi madogo sana ya kawi, na hilo ni jambo la kusikitisha, si la kupongezwa. Cheti kizuri hulinganisha vitu vya aina moja: hospitali na hospitali, ofisi na ofisi, soko na soko. Pia huzingatia saa za kazi. Kituo cha afya kinachofunguliwa saa 24 hakiwezi kulaumiwa kwa kushindwa na kile kinachofungwa saa kumi na moja jioni.

Kwa hiyo tusiwape wakuu wa vituo sababu ya kuzima taa za wagonjwa ili wapate herufi nzuri. Swali la cheti ni hili: huduma hii ingeweza kutolewa, vizuri kama sasa au zaidi, kwa stima kidogo?

Safari ya kupata cheti

Hatua si nyingi, na ya kwanza haigharimu kitu. Ni kukusanya bili za angalau miezi 12, jengo kwa jengo. Mtashangaa jinsi hatua hii ilivyo ngumu. Kuna mahali mita moja inahudumia majengo matatu, kibanda cha mlinzi na mtu anayeuza soda kando ya geti. Mahali pasipo na mita yake hapawezi kupimwa, kama nyama isiyopita kwenye mizani.

Ya pili ni kupima ukubwa wa jengo na kuandika saa zake za kazi na idadi ya watu. Ya tatu ni kumwita mkaguzi mwenye leseni ya EPRA. Atahesabu taa, atapima mota, atakagua friji na paa, na atauliza ni nani huzima nini na saa ngapi. Mahali pa kuanzia pia papo. Watengenezaji bidhaa wa Kenya na Wizara ya Kawi walianzisha kituo cha kuhifadhi kawi mwaka wa 2006, na kazi yake haikuishia viwandani. Taasisi za umma nazo zimekaguliwa.

Ya nne ni orodha ya marekebisho, yakipangwa kwa muda wa kurudisha gharama. Kuna ya bure, kama kuzima kompyuta na kubadilisha saa za pampu. Kuna ya bei nafuu, kama LED na raba za friji. Kuna makubwa, kama sola na mota mpya. Ya tano ni kupima tena baada ya mwaka mmoja. Cheti kisichorudiwa ni kama muhuri wa mizani wa miaka mitano iliyopita.

Majengo mapya tuyaangalie kabla hayajasimama. Hapa tuko karibu na ikweta na juu ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya Ruiru haihitaji kiyoyozi kwa sehemu kubwa ya mwaka, mradi jengo liwe limewekwa vizuri. Jua linatoka mashariki na kuzama magharibi, kwa hiyo pande ndefu zenye madirisha zielekee kaskazini na kusini. Veranda ikinge jua, madirisha yafunguke pande zote mbili ili upepo upite, na chini ya mabati kuwe na dari. Wazee wetu walijua kukalisha nyumba. Sasa tunajenga ukuta wa vioo unaotazama jua la saa tisa, halafu tunanunua kiyoyozi cha kupigana nalo.

Anayetaka kuona kinachowezekana hahitaji kupanda ndege. Jengo la ofisi za Umoja wa Mataifa pale Gigiri, lililofunguliwa mwaka wa 2011 kwa wafanyakazi wapatao 1,200, liliwekwa paneli za sola paani na likajengwa lipate mwanga na hewa bila mashine nyingi. Kutoka hapa ni mwendo wa kupita Thika Road tu.

Herufi mbaya nayo ibandikwe

Hapa ndipo penye ugumu, na nitasema wazi. Hakuna mkuu wa ofisi anayefurahia kubandika herufi F mlangoni mwake. Atauliza watu watasemaje, magazeti yataandika nini. Mimi ni mtu wa mawasiliano, na kazi yangu ni kuwaelezeni mambo ya serikali yenu. Kwa maoni yangu, F iliyobandikwa ina faida kuliko A iliyofichwa kwenye faili. F ikionekana, mwaka ujao watu watauliza kama imekuwa E. Ikifichwa, haitauliziwa na mtu, na bili itaendelea kulipwa.

Mwenye bucha hapa hachagui mwaka wa kukaguliwa mizani yake. Nasi tusichague.

Kazi yenu wananchi

Vitabu vya bajeti kwa kawaida huonyesha stima na maji kwa idara, si kwa jengo. Ndiyo maana hamwezi kujua kituo chenu cha afya kinalipa kiasi gani. Kuna nafasi za kulibadilisha hilo. Mpango wa maendeleo wa mwaka hupelekwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Taarifa ya mkakati wa fedha hufuata kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Katika vikao vya kushirikisha umma watu huomba barabara, mitaro na mulika mwizi, na ni haki yao. Ongezeni ombi moja: majengo ya umma ya wadi yenu yakaguliwe na matokeo yabandikwe. Na mkiomba mulika mwizi, ulizeni pia italipiwa stima na nani na kwa kiasi gani, kwa sababu taa iliyozimwa kwa deni haimuliki mwizi yeyote.

Pili, mnaweza kuandika barua. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka wa 2016 vinampa kila raia haki ya kuomba habari zilizo mikononi mwa serikali. Ofisi ina siku 21 za kujibu. Isipojibu, mnaweza kulalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Andikeni kwa Kiswahili au Kiingereza, fupi tu: jengo fulani lilitumia uniti ngapi mwaka uliopita, na lilikaguliwa lini mara ya mwisho? Hamhitaji kueleza kwa nini mnataka kujua.

Tatu, kamati za hospitali na za masoko zina wananchi ndani yake. Mkiwa wanakamati, ombeni bili ya stima iwe kwenye ajenda ya kila kikao, kando ya dawa na usafi. Mfanyabiashara aliyewahi kulinganisha bili ya Januari na ya Februari anaweza kuliongoza swali hilo.

Mto Ruiru ulikuwa miongoni mwa mito ya kwanza kuzalisha umeme wa kuwasha taa za Nairobi, mwanzoni mwa karne iliyopita, na Mto Thika ulifuata na kituo cha Ndula. Stima imepita kwetu zaidi ya miaka 100. Ni vyema sasa tujue inakoishia.

Fomu za kuomba habari ziko nami hapa mbele. Anayetaka aje achukue, na anayehitaji msaada wa kuijaza tutakaa naye hadi amalize.